Kwa Miguu Hadi Korongo la Mangapwani

Tatizo la Unguja kwa mtu anayejiandaa kukimbia milimani ni kwamba haina milima. Bahari tunayo, barabara tunazo, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe nimezipanda na kuzishuka mpaka majirani wakaanza kufunga milango yao ya chini. Mlima hatuna. Nami nilikuwa nimepata nafasi katika mbio za kilomita mia moja huko bara, mbio zangu za kwanza za urefu huo. Njia yake inaingia na kutoka kwenye makorongo, na waliokwisha kwenda wananiambia kwamba mtu hushuka mpaka magoti yakatetemeka, kisha huambiwa apande tena.

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi. Kutwa nimekaa nashona kanzu za watu wanaokwenda mahali, na labda ndiyo maana situlii. Mke wangu Salma husema mimi ni kama kuku anayetafuta pa kutaga, na hakosei. Hata kukimbia kwangu ni kwa pupa: natoka kwa kasi, nawapita wote, kisha nazimika. Mara ya mwisho nilizimikia Chuini, nikarudishwa nyumbani nimelala juu ya gari ya mchanga. Salma alinipokea mlangoni, akanipangusa mchanga masikioni.

"Huko milimani," aliniuliza siku ya pili, "gari ya mchanga inafika?"

"Haifiki."

"Basi nani atakuleta?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Shangazi yake, Bi Zuhura, anakaa Mangapwani, na nyuma ya nyumba yake kuna korongo la mawe lililochimbwa na maji ya mvua, linateremka mpaka ufukweni. Niende huko kwa miguu, nifanye mazoezi nitakavyo, nilale, nirudi kwa miguu. Nikirudi hivyo, atanipa radhi niende bara. Nikirudi juu ya chombo chochote, iwe gari, pikipiki au punda, jambo hilo limekwisha na nisilitaje tena. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka. Wachukuzi wa bandarini walikuwa wamekwisha anza kusukuma mikokoteni yao, na mmoja akaniuliza kama nimeikosa boti. Nilijiahidi kwenda polepole. Ahadi hiyo ilidumu mpaka Saateni. Pale kijana mmoja wa baiskeli alinipita, na miguu yangu ikaona ni jambo la kumfukuza. Nilimpita, naye hata hakujua kwamba tulikuwa tunashindana.

Bububu nilisimama kunywa chai. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene mwenye maneno yake, aliniwekea na kipande cha muhogo.

"Unakwenda wapi na mkoba mgongoni?"

"Nnakwenda Mangapwani."

"Gari zinapita hapa hapa, huna haja ya kuhangaika."

"Nnakwenda kwa miguu."

Alinitazama viatu, akanitazama uso. "Umekosana na nani?"

Nilicheka, lakini nilikuwa nimekwisha simama. Muhogo niliumalizia njiani. Kutoka hapo niliiacha barabara kuu nikashika njia za upande wa Masingini, ambako ardhi yetu inajitahidi kidogo kuwa mlima. Udongo ni mwekundu, unateleza penye kivuli. Nilipanda mbio kila mwinuko niliouona, na mmoja niliurudia kwa kuwa niliona haukunitosha. Kifua kilikuwa kinawaka. Nikajiambia kwamba hayo ndiyo mazoezi.

Nilifika Mangapwani kabla ya adhuhuri. Bi Zuhura alikuwa uani anakuna nazi, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mkali wa jicho na laini wa mkono.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Salma hajambo? Watoto hawajambo? Kaa kitako unywe maji."

Nilimjibu nimesimama, macho yangu yako nyuma ya nyumba. Nikaweka mkoba, na simu ndani yake, nikamwambia narudi sasa hivi. Alibaki na kikombe cha maji mkononi. Nikilikumbuka tendo lile leo naona haya.

Korongo lenyewe lilinishinda kwa uzuri. Kuta zake ni za jiwe la matumbawe, kali, na mizizi imening'inia juu yake. Chini ni mawe yaliyolegea, kila moja lina nia yake. Kushuka ndiko kulikonitia adabu: mapaja yanashika, yanaachia, yanashika, mpaka nikawa siyajui kama ni yangu. Ufukweni niligeuka kulia, nikapanda kwa njia ya watu inayopita katikati ya nyumba, nikarudi kichwani pa korongo, nikashuka tena. Mzunguko baada ya mzunguko. Kila mara nilipita mbele ya watu walewale, na kila mara niliinua mkono tu. Jirani wa Bi Zuhura, Mzee Foum, aliyekuwa anatengeneza ua wake, aliniita.

"Mbarouk! Kwema?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Jasho liliniingia machoni, nikatikisa kichwa kulikung'uta, nikapita.

Nilipopanda mara ya mwisho, nimechoka taabani, niliona watu wengi nyumbani kwa Bi Zuhura. Wanawake wamevaa kanga kichwani, wamekaa kwenye mikeka. Nje, Mzee Foum na wenzake wanatandika majamvi ya msikitini. Nilijua kuna mtu amekufa, na kwa kuwa nyumba ni ya shangazi yake, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni Salma.

"Nani?" nilimuuliza Mzee Foum.

Naye akanishika bega kwa huruma. "Sisi tunakungojea wewe, mwanangu, utwambie. Nani kafariki?"

Tulitazamana. Ikachukua muda kueleweka, kwa sababu nilikuwa nahema na kila mtu alitaka kunisaidia kulia. Shamba, nje ya mji, mtu mzima hakimbii bure. Akitoka mjini akapita mbio nyumba hadi nyumba bila kusimama kusalimia, na akiulizwa kama ni kwema anatikisa kichwa, basi ameleta habari ya msiba na hajui amwambie nani kwanza. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa amekaa katikati ya wenziwe, nazi imeachwa nusu, macho mekundu. Alikuwa analia bila kujua anamlilia nani.

"Hapana msiba," nilisema. "Ni mazoezi."

Kisha bibi mmoja akauliza, "Mazoezi ya nini?" na nikaanza kueleza mbio za kilomita mia moja kwa watu waliokuja kuzika. Siwatakii hayo hata maadui zangu.

Mzee Foum alikunja majamvi yake pole pole, moja moja. Ningependa angenitukana.

Simu ya Bi Zuhura ililia wakati huohuo. Alisikiliza, akasema, "Yupo, mzima, huyu hapa," akanipa. Alikuwa Salma.

"Watu wa huko wamenpigia kunipa pole," alisema. "Nikauliza pole ya nini, wakasema kumbe hujambiwa, wakakata. Nikakupigia wewe, hushiki. Nimekaa hapa kwenye ngazi, Baba Nasra. Kusimama siwezi."

Nilimwambia mimi mzima. Nilimwambia mara nyingi. Nikasikia pumzi zake, fupi fupi, za mtu aliyepanda mlima mrefu kuliko wowote niliopanda mimi. Aliposema kwaheri hakutaja bara wala sharti letu. Nilikula usiku ule bila kusikia ladha, na nikalala nikijua kwamba nafasi yangu nimeipoteza, na kwamba nastahili.

Jumapili asubuhi, Bi Zuhura alinipa chai na amri. "Korongoni utakwenda, sikukatazi. Lakini kila uliyempita jana, leo utamwamkia kama mtu aliyelelewa. Na kila ukimkuta tena, utamwamkia tena."

Nilianza kwa Mzee Foum. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, watu wa nyumbani, habari za mjini, na radhi nikaomba. Alinipa, akaniuliza bei ya kushonewa kanzu. Kisha nikaingia njiani. Nikikutana na mtu kwenye mpando, nilimsalimia salamu kamili na kumjibu kamili, huku nakwenda. Mwanzo niliona nadhulumiwa. Miguu ilitaka kuruka na ulimi unaizuia. Lakini salamu haisemwi kwa kuhema. Kila nilipoongeza kasi nilikatika katikati ya "waaleikumu salaam," na wanawake waliobeba ndoo za chaza wakanicheka. Nikapunguza. Nikaona kwamba mwendo ule unaoniruhusu kuuliza habari za watoto ndio mwendo ninaoweza kwenda nao kutwa. Nilimaliza mizunguko mingi kuliko ya jana, na nilipofika juu nilikuwa bado nina maneno.

Baada ya adhuhuri niliaga, nikashika njia ya kurudi. Jua lilikuwa kali na mapaja yalikuwa yanalalamika kwenye kila mteremko. Chuini nilipita nikaomba Mungu. Magari yalisimama kunipakia, nikawashukuru. Niliwasalimia waliokaa vibarazani, wauza maembe, askari wa barabarani. Roho ilikuwa bado inanisukuma kutoka ndani, sitasema uongo, lakini safari hii ilikuwa inasukuma mlango uliofungwa.

Mtoni nilimkuta Salma. Amesimama kando ya barabara na buibui lake, mkoba kwapani, viatu vya wazi mguuni.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu," alisema.

Hakunikumbatia, barabarani hapakuwa mahali pake, lakini alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akaminya kwa nguvu mpaka ikauma. Nilimwomba radhi. Nilimweleza yote, majamvi, nazi, salamu. Mahali pa majamvi alicheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilidhani atapanda gari tukutane nyumbani. Hakupanda. Tulikwenda pamoja kwa miguu, kwa mwendo wake, na Salma hajui kumpita mtu anayemjua, na anamjua kila mtu. Tulisimama. Tukaenda. Tukasimama. Sikumharakisha hata mara moja.

Tulipoanza kuona nyumba za Malindi aliniuliza, "Huko milimani utakwenda hivi?"

"Hivi hivi."

"Na wakikupita?"

"Watapita."

Alikwenda hatua chache, akanipa mkoba wake nimshikie.

"Basi nenda," alisema. "Lakini ukiona huwezi kumjibu mtu salamu, kaa chini."