Nyumba ya Magurudumu na Mpira Wangu wa Maji

Nilikwenda Marekani kwa sababu moja: kumwona mjukuu wangu akibatizwa. Sikwenda kutafuta maisha. Maisha yangu nimeyajenga hapa Musoma kwa mwiko na timazi, na darasa la tatu nililoishia halikunizuia. Nyumba nyingi mnazoziona Nyasho na Makoko nimezisimamisha mimi, na hakuna hata moja yenye sakafu inayopeleka maji kusikotakiwa. Waliowahi kunifanyia kazi wanaijua sheria yangu: aliyepindisha ukuta anasema mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Akisema, tunabomoa, tunajenga upya, tunakula pamoja. Nikigundua mimi baada ya chakula, kesho asije.

Kilichonisumbua ni suala la mahali pa kulala. Kwetu mzee halali chini ya paa la mkwe wake, na mimi si mtu wa kuacha mila kwa sababu nimepanda ndege. Nikampigia binti yangu Rhobi.

"Nitalala wapi huko?"

"Baba, usijali. Wekesa amekutafutia nyumba yako."

"Amejenga?"

"Ameazima."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Nyumba inaazimwa kama jembe?

Mwezi wa saba, mwaka 2016, nikaondoka. Basi hadi Mwanza, ndege hadi Dar es Salaam, kisha ndege mbili ambazo sitaki kuzikumbuka, maana magoti yangu yalikaa karibu na kidevu muda wote. Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis askari mmoja alifungua sanduku langu akatoa mpira wangu wa maji, ule mweupe unaoonyesha ndani, tunaopimia levo ya msingi. Akauinua, akaniuliza kitu. Kiingereza sina. Nikamwonyesha kwa mikono: huku maji, huku maji, katikati nyumba. Akamwita mwenzake. Nikaonyesha tena. Wakaurudisha taratibu kama nyoka aliyelala. Mtu akiuliza kwa nini nilisafiri na mpira, nitamuuliza kwa nini daktari anasafiri na miwani.

Blaine, wanakokaa, ni kaskazini ya mji. Nyumba mpya mpya, barabara pana, na usipokuwa na gari hufiki hata dukani. Wekesa, mkwe wangu, ni Mkenya wa Bungoma, mtu mrefu mpole, na kwao mila ya mkwe ni kali kuliko kwetu. Alinisalimu kwa mbali kidogo, macho chini, kama inavyotakiwa. Kisha akanionyesha nyumba yangu.

Ilikuwa imeegeshwa mbele ya kwake. Treila refu jeupe: kitanda, jiko, friji, choo, vyote ndani, na linavutwa na pikapu. Mwenyewe ni Dale, mzee wa Kizungu anayefanya kazi na Wekesa kiwandani Golden Valley. Alimwazima kwa neno tu, bila karatasi.

"Sasa tazama, Baba," Wekesa akasema, akabonyeza kitufe.

Miguu minne ya chuma ikashuka yenyewe. Mmoja ukasukuma, mwingine ukapumzika, treila likainama huku na kule kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, kisha likatulia. Taa ya kijani ikawaka.

"Imejipima?"

"Imejipima yenyewe. Iko na kompyuta."

Siamini kitu kinachojisifu. Nikajaza mpira wangu maji, Rhobi akashika ncha moja mlangoni, mimi nyingine kitandani. Maji yakakaa mstari mmoja, hayakupishana hata kwa upana wa kucha. Nikamwambia Wekesa ni sawa. Moyoni sikufurahi sana. Hiyo kazi ilinichukua miaka kuijua.

Siku ya tatu nilipanga vitu vyangu. Chini ya kitanda kulikuwa na kabati, na ndani yake kiboksi cheusi kimefungwa kwenye sakafu kwa skrubu nne, nyaya zake zimetokeza upande wa mlango wa kabati, na sanduku langu lilikuwa linazigonga. Mtu aliyekifunga hakujali. Nikatoa bisibisi, nikakigeuza nyaya zielekee ukutani, nikakifunga tena palepale, skrubu zote nne, imara kuliko mwanzo. Sanduku likaingia. Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameweka sanduku kabatini?

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka kwenda Lakeville, kusini ya mji, kwenye uwanja wa kambi ambako kanisa lao lilikuwa linakutana. Ubatizo ungekuwa Jumapili. Wekesa alivuta treila taratibu, mikono miwili kwenye usukani, akikwepa kila shimo. "Kitu ya mwenyewe," alikuwa akisema. Mpango ulikuwa hivi: Rhobi, mumewe na mtoto walale kwenye hema, mimi nilale kwenye treila kando yao. Treila likishindikana, kilichobaki ni hema lile moja. Mimi na mkwe wangu, turubai moja. Nilishaamua kwamba heri nirudi Blaine kwa miguu.

Saa nne tulifika. Wengi pale walikuwa Wakongo wa mashariki, watu waliokaa kambi za wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na sasa kambi kwao ni mambo ya kuchoma nyama. Uwanja ulikuwa mteremko kidogo. Treila likakaa mbele juu, nyuma chini. Wekesa akabonyeza kitufe.

Miguu ikashuka. Treila likainuka mbele. Likainuka tena mbele. Ndani sufuria ikatoka kabatini ikaviringika hadi mlango wa choo. Kisha mlio mkali, na taa nyekundu.

Mama Esperance, mwanamke wa Uvira aliyekuwa akisimamia chakula, akaja na mwiko wake mkononi. "Mzee, iyi nyumba yako imekunywa nini?"

"Muulize mkwe wangu, ndiye aliyeinywesha."

Watu wakacheka. Wekesa hakucheka. Akarudisha miguu juu, akabonyeza tena. Vilevile. Akapima betri. "Betri nime-check, iko sawa." Akalala chini ya treila akashika kila waya kwa vidole. Akatia mbao chini ya miguu ya nyuma. Akazima kila kitu, akahesabu, akawasha. Mbele ikapanda tena, mlio, nyekundu. Shati lake lilikuwa limeloa mgongoni.

"Una vitufe vya kuinua mguu mmoja mmoja?" nikamuuliza.

"Viko, lakini nitajuaje imefika?"

Nikaenda kuleta mpira wangu.

Hapo nilikuwa kazini. Wekesa kwenye vitufe, Rhobi na ncha moja nyuma, mimi mbele, na umati umejaa kutazama. "Nyuma panda. Panda. Simama! Kushoto kidogo. Nimesema kidogo, Wekesa, siyo kidogo ya Bungoma!" Baada ya robo saa maji yakalingana. Mlango ukafunga, friji ikaanza kuunguruma, sufuria ikakaa pale ulipoiweka. Wakapiga makofi. Mama Esperance akasema kompyuta ya Mzee Marwa inakunywa maji tu, haili umeme. Nilisimama pale nimeshika mpira kama askofu na fimbo yake. Nisiwafiche, nilijisikia vizuri.

Lakini mkono wangu ulikuwa bado umeshika ule mpira, na kichwa kikaendelea na kazi bila kuombwa. Mashine iliyoishiwa nguvu haiinui. Hii iliinua kwa nguvu zote. Mashine iliyovurugika leo hukosea hivi, kesho vile. Hii mara zote iliinua pale palipokuwa juu tayari. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inaona nyuma ni mbele.

Nikamuuliza Wekesa, "Hii kitu macho yake yako wapi? Kinachopima kiko sehemu gani?"

Akafungua kijitabu. "Kuna kiboksi cheusi, Baba. Chini ya kitanda. Imeandikwa kina mshale, lazima uelekee mbele."

Nikaanza kuukunja mpira wangu.

Wekesa alikuwa ameshaweka simu sikioni. Alimpigia Dale. Nilisikia sauti ya yule mzee, ya upole, na nikaona uso wa Wekesa ukisinyaa. Alipokata akamwambia mkewe, siyo mimi, "Anasema ilikuwa sawa alipotupatia. Na ni ukweli. Ni mimi. Kuna mahali nimeigongesha njiani. Jumatatu nitampelekea na nimwambie nimeiharibu. Hata sijui atanipatia kitu ingine lini."

Rhobi akamwambia, "Uliendesha kama umebeba mayai."

"Na bado imeharibika mkononi mwangu."

Treila limesimama sawa. Pa kulala ninapo. Watu wamenipigia makofi. Ningeingia kabatini jioni, nigeuze kiboksi, asubuhi kitufe kifanye kazi, na kila mtu aseme ni maajabu ya Jumapili. Niliwaza hivyo, nawaambia wazi. Na kusema kosa mbele ya mkwe si sawa na kusema mbele ya kibarua. Mkwe ndiye mtu ambaye hata kukohoa mbele yake unachagua.

Basi Mama Esperance akagonga sufuria. "Bugali iko tayari! Mukuye!"

Kabla ya chakula cha mchana. Sheria ni yangu, sikupewa na mtu.

"Wekesa," nikasema. "Kaa. Hukuigongesha popote. Kile kiboksi nilikigeuza mimi, Jumatano, ili sanduku langu liingie. Mpigie mwenzako sasa hivi. Mwambie ni baba mkwe wako."

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Baba, hiyo tunaweza kuinyamazia tu."

"Piga."

Akapiga. Alipofika mahali pa sanduku, yule Dale alicheka kwa sauti iliyotufikia sote. Nikaingia, nikafungua skrubu nne, nikakirudisha mshale ukielekea mbele. Wekesa akarudisha miguu juu, akabonyeza. Nyuma ikapanda. Taa ya kijani. Rhobi akaweka mpira: mstari mmoja.

"Sasa kula tunaweza," nikasema. Bugali na sombe, kisamvu chao, nikarudia mara mbili.

Jumapili mtoto akabatizwa, akapewa jina langu, Marwa, akalia vizuri.

Jumatatu, siku ya ndege yangu ya kurudi, tulirudisha treila nyumbani kwa mwenyewe, Golden Valley. Dale alinipa mkono, akataka kuuona mpira. Tulipima naye baraza la nyumba yake. Limezama upande wa kulia. Hakupenda kusikia, lakini maji hayana adabu, nami nilimwambia hivyo na Wekesa akatafsiri.

Sasa nimerudi Musoma. Wiki iliyopita, kwenye msingi wa Makoko, kona moja ilikuwa imepanda. Vibarua wakaangaliana, na mimi nikasubiri saa ya chakula kama kawaida. Kisha nikakumbuka kwamba kamba ya kupimia kona ile niliifunga mimi.

Sheria yangu bado ipo. Siku hizi naanza mimi.