Tangazo la Donald

Wako watu wa Mwanda, kule milimani juu ya Voi, ambao kwao mtu hajafa mpaka redio iseme. Usiwacheke. Ukungu ukishuka kwenye milima ile humwoni hata jirani, na tangu zamani habari za msiba zimewafikia jikoni, saa saba mchana baada ya taarifa, kwa sauti ya mtu anayesoma polepole majina ya ukoo mzima.

Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Danson Mwalugha, wa redio ndogo ya jamii mjini Voi, iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliwasoma marehemu wa Kishushe na wa Bomeni, wenye mashamba na wasio na kitu, wote kwa mwendo uleule, na hakuna aliyewahi kumsikia akikosea jina la shangazi. Wauza nyanya sokoni walikataa kumtajia majina yao, wakisema asije akayazoea. Naye alicheka kidogo, kwa adabu, kama alivyofanya mambo yote.

Mcheshi alikuwa kaka yake, Donald. Yeye ndiye aliyekuwa na kipindi cha Jumamosi, *Za Kwetu*. Alipanda milima na kinasa sauti begani kuwatafuta wapiga ngoma ya mwazindika, akina nyanya wasukao vikapu, kwaya zilizogombana, na mkulima ambaye ndovu wamemlia mahindi yote. Watu walimheshimu Danson na kumpenda Donald. Danson alilijua hilo wala halikumuuma, kwa kuwa yeye mwenyewe alimpenda Donald kuliko wote.

Donald alishikwa na nimonia wakati wa baridi, akafa kabla familia haijaamini kwamba anaumwa. Kesho yake Danson aliingia studio kama kawaida, tangazo mkononi. Alianza vizuri. Alipofika "mtoto wa Elsie", sauti ikakatika, na Wanza, fundi mitambo, akaweka wimbo wa dini haraka. Tangazo halikurudiwa. Kila mtu alisema hakuna haja, habari zimeshaenea kwenye simu, na kweli mazishi yalijaa watu hadi barabarani.

Mama yao Elsie alikaa mstari wa mbele siku ile, akauliza ni msiba wa nani. Akili yake ilikuwa imeanza kuyumba tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo wakamwacha. Kosa kubwa likaja baadaye, tena kwa nia njema: wasikilizaji waliomba vipindi vya Donald virudiwe, redio ikavirudia. Kila Jumamosi kicheko chake kikajaa jikoni kwa mama yake. Mama akaponda kimanga cha mihogo na maharagwe, akajifunga leso, akateremka barabarani kumngoja mwanawe, maana aliyesikika Voi alasiri hakosi kufika nyumbani jioni.

Mable, dada yao mdogo aliyeishi na mama, alijaribu kila njia. Alimpeleka mpaka kaburini. Mama alilitazama, akajibu kwa upole kwamba watu husema mengi. Mumewe alisomwa redioni, dada yake alisomwa, hata yule fundi cherehani mlevi alisomwa. "Donald sijasikia akisomwa," akasema, na hapo hakusogea.

Jumamosi moja aliteleza kwenye tope, akalala mtaroni na mvua juu yake hadi wavuna chai walipomkuta. Samahani, nimesema chai. Huko ni mboga, na waliomkuta walikuwa wakirudi na magunia ya kabichi. Mable akampigia Danson simu. Hakupaza sauti. "Kaka, msome," alisema. "Ama tutamzika mama pia."

Danson aliumia kuliko siku ya mazishi. Vile vipindi vilikuwa vimempa na yeye pa kujificha. Jumamosi alizoea kukaa chumba cha pili, akisikia kicheko kikivuka ukuta, na kwa muda huo alikuwa na kaka. Kumsoma ilikuwa kumuua kwa mkono wake. Alimweleza Wanza hivyo, na Wanza, ambaye si mtu wa maneno, alimwandalia kipaza sauti akamsogezea kiti.

Saa saba ikafika. Danson akasoma kwamba inasikitisha kutangaza kifo cha Donald Mwalugha wa Mwanda, mtoto wa Elsie na marehemu Mwalugha, kaka ya Danson na Mable, na kwamba habari ziwafikie jamaa wote walioko Kishushe, Taveta na popote walipo. Safari hii sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho, lakini haikukatika. Simu za studio zikaanza kulia. Watu walitaka kujua kama Donald amekufa mara mbili, na Wanza akawajibu mmoja mmoja bila kukasirika.

Danson alipofika Mwanda jioni alikuta ua umejaa. Majirani walisikia, wakaelewa, wakaja na kuni na unga bila kuuliza swali. Wanawake walikuwa wakiimba. Katikati yao Elsie alikuwa analia, kilio chenyewe cha mama, kile ambacho kilikosekana siku ya mazishi, na Mable amemshika mabegani. Danson alipenya, akaketi chini miguuni pake. Alitaka kuomba msamaha ila hakujua aanzie wapi.

Usiku ulipoingia mama alitulia. Akamtazama huyu mtu mzima aliyeketi karibu naye, akamshukuru kwa kuja, akamuuliza kama ametoka mbali. Danson akasema ametoka Voi.

"Basi ukirudi Voi unisaidie," mama akasema. "Yule aliyemsoma mwanangu leo, nimemsikia, alikuwa analia. Kila mtu amekuja kunipa pole mimi. Yeye nani amempa?"



"Mtafute," mama akamwambia, akimpapasa mkono. "Pengine hana mama."