Kiti cha Gaston Chini ya Pergola

Gentil alipoyaleta makochi mapya, Eulalie aliyatazama mara moja tu, akajua kwamba mume wake hataweza kunyanyuka kutoka humo.

Yalikuwa mazuri. Gentil, mtoto wao wa kwanza, aliyachagua mwenyewe mjini: ya kisasa, ya chini, yenye mito minene ya kijivu. Aliyapanga chini ya pergola aliyowajengea wazazi wake nyuma ya nyumba yao ya Nguba, nguzo za mbao na fito juu, ambako mmea wa matunda ya maracuja ulikwisha kutambaa. Ukikaa pale unaliona ziwa lote hadi upande wa Rwanda.

"Mama, jaribu kukaa."

Eulalie alikaa. Magoti yalipanda juu ya kiuno. Ili asimame ilibidi ashike mkono wa mwanawe.

"Iko muzuri. Lakini papa yako atasimama namna gani?"

"Tutamusaidia."

"Dimanche, mbele ya ndugu zake, tukimusaidia, tumemumaliza," Eulalie alijibu.

Gentil alimwelewa. Tangu kiharusi kilipomwangusha Gaston, mguu wake wa kushoto haukumtii, na maneno yalimtoka polepole. Akili ilikuwa palepale. Lakini katika ukoo ilisemwa kwamba mzee haelewi tena kitu. Mdogo wake Constantin alikuwa amepata mtu wa kununua shamba la marehemu baba yao kule Nyantende, ambako dada yao mjane, Madeleine, analima maharagwe na mihogo. Constantin alitaka ndugu wakubali kwamba sasa yeye ndiye mkubwa wa familia. Jumapili hiyo, baada ya misa, wangekuja kumwona Gaston kwa macho yao.

Kesho yake Eulalie alipanda hadi mtaa wa Kadutu, kwa maseremala. Aliingia karakana moja hadi nyingine, akijaribu viti. Alikaa, akauinua mguu wa kushoto, akajisukuma kwa mikono. Kimoja kiliyumba. Kingine kilikuwa na mikono mifupi, isiyompa mtu pa kujisukumia. Vijana waliokuwa wakipiga randa walicheka, yeye aliendelea. Alikipata kwa yule wa mwisho kabisa: kizito, cha mbao ngumu, usawa wa goti, mikono yake mipana ikitokeza mbele.

Nyumbani alikihamisha na kukihamisha. Upande wa ziwa, mwanga wa maji ulimpiga mtu machoni. Katikati, sakafu iliinama kidogo. Mwishowe alikiegemeza kwenye nguzo ili kisirudi nyuma, akayasogeza makochi yakikikabili.

Gaston alijaribu. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alisimama, jasho likimtiririka.

"Tena," Eulalie alisema.

"Unanifundisha kusimama kama mutoto, Mama Gentil."

Gaston alikaa, akasimama tena.

Jumapili walifika wakiwa bado na nguo za kanisa. Eulalie aliingia jikoni kuchukua vinywaji. Alipotoka na sinia, alisimama ghafla mlangoni. Constantin alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mikono imetulia juu ya ile mikono mipana. Gaston, ambaye hakutaka kubishana na mgeni mbele ya watu, alikuwa amezama kwenye kochi la chini.

"Shemeki," Eulalie alimwambia Constantin, akimwonyesha kochi, "kuya huku, utaona ziwa vizuri."

"Niko bien hapa, shemeki."

Hakumkaribisha tena. Akisisitiza, wote wangejua kwamba Gaston hasimami bila kiti kile. Aligawa vinywaji.

Constantin alisimama, akaongea kwa heshima. Yaya, kaka yao mkubwa, ni mgonjwa, alisema, na hakuna anayefurahi. Lakini familia haiwezi kukaa bila mtu wa kuongea. Kisha akakaa, akamgeukia kaka yake. "Kama yaya anaweza, asimame, atuambie yeye mwenyewe."

Gaston aliuweka mkono wa kulia kwenye mto. Mto ulibonyea. Alijisukuma, akainuka kidogo, akarudi chini. Madeleine aliinamisha kichwa. Gentil alianza kunyanyuka, lakini baba yake alimzuia kwa kiganja. Eulalie alibaki na sinia tupu kifuani.

"Constantin," Gaston alisema. Kila neno lilichukua muda wake. "Hiyo kiti, bibi yangu, Mama Gentil, aliitafuta juu ya huu mguu. Hii ya chini siiwezi. Mguu umekufa. Kuya, unishike mukono."

Constantin aliwatazama ndugu zake, na wao walikuwa wakimtazama yeye. Aliondoka kwenye kiti, akaja, akampa kaka yake mkono, akamvuta mpaka akasimama.

Gaston hakumwachia. Aliongea akiwa amesimama, ameegemea bega la mdogo wake.

"Mguu ndiyo umekufa. Kichwa hapana. Shamba baba alituachia sisi wote, na Madeleine anakula humo. Haitauzwa."

"Yaya, yule mutu anangojea jibu..."

"Umuambie nimekataa."

Ndugu mmoja aliitikia kwa kichwa, kisha mwingine. Constantin alimsindikiza Gaston hadi kwenye kiti, akamkalisha taratibu, akachukua koti lake. Chupa yake aliiacha nusu. Akaondoka bila kumuaga Eulalie.

Wengine walikaa mpaka jua likaanza kushuka. Walipokwisha kwenda, Eulalie alijitupa kwenye kochi.

"Ulimwomba mbele ya watu wote," alisema.

"Ningefanya nini tena?" Gaston alijibu. "Niliona haya sana, Mama Gentil."

Shamba halikuuzwa. Pasaka ilipofika, Constantin alimtuma mke wake na salamu, yeye mwenyewe hakuja. Gaston alizipokea salamu zile, akamuuliza yule mama habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina.