Nilimpa Mama Miwani Ili Nisiende Nyumbani

Nimekosa, na kosa langu simsingizii shetani wala ujana. Nina miaka thelathini na minne. Nisikilize tu, na usinionee huruma haraka, maana ukifika mwisho unaweza kujuta.

Nafundisha kompyuta hapa Mbulu mjini. Kazini tulipata miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na masikio, ukigeuka kushoto, kulia au nyuma unaona kama umo humohumo. Wanafunzi wangu, ambao hawajawahi kuiona bahari, walitembea chini ya bahari wakiwa darasani. Niliipenda kupita kiasi. Nikawa natangaza kila mahali kwamba siku si nyingi mkulima atamwonyesha daktari wa mifugo ng'ombe wake bila mtu yeyote kusafiri. Huenda ikawa kweli. Mimi niliitumia kwa jambo lingine.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani Tlawi na kamera ya miwani hiyo, inayorekodi pande zote kwa pamoja, nikaiweka katikati ya uwanja na kurekodi. Baba alikuwa anatoka kulisha ng'ombe. Akaisogelea, akaitazama, akauliza, "Hiki nacho ni kitu gani?" Akacheka, akaingia ndani. Dakika nne tu. Miezi michache baadaye baba alifariki.

Mama akabaki peke yake. Niliahidi mbele ya majirani kwamba kila Jumapili nitakuwa naye, na mwanzoni nilikwenda kweli. Halafu mvua ikaanza, bodaboda zinazama kwenye matope, na mimi nina mambo yangu mjini. Ndipo nikapata akili, au niseme nilichokiita akili. Nikaazima miwani kazini, nikampelekea.

"Mama, humu utamwona baba."

Nilimvalisha. Kisha nikamsikia anasema taratibu, "Mzee, za kutwa?" Akangoja. Akarudia. Akanigeukia na uso wake umefunikwa. "Amenitazama lakini hajaitikia. Nimemkosea nini?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Nikamwambia ni picha tu, atazoea. Nikamwonyesha namna ya kuichaji kwa sola, nikaondoka kuwahi gari. Moyoni nilikuwa mwepesi, kwa sababu nilijua Jumapili inayofuata siendi. Hilo ndilo ungamo langu. Zawadi ile niliitoa ili nipumzike mimi.

Nikawa napiga simu. "Mama, unaiangalia?"

"Naiangalia. Leo tena hajaitikia."

Alisema hivyo kila nilipopiga, na mimi nikawa najibu "sawa, mama" huku nikishughulika na mengine.

Sasa nikueleze kitu kuhusu kwetu. Salamu si jambo dogo. Mtu akipita njiani anakusalimia kutoka ng'ambo ya shamba, na wewe unasimamisha jembe uitikie. Usipoitikia mara ya kwanza, watasema hukusikia. Mara ya pili watajiuliza. Mara ya tatu umewakataa watu. Na mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, macho na masikio yamezibwa, anamsubiri baba aitikie. Wakubwa walipita wakamwuliza habari, kimya. Watoto walipita wakamwamkia shikamoo, kimya. Hakujua hata kama kuna mtu amepita. Kidogo kidogo wakaacha kumsalimia.

Asubuhi moja alimwona baba anaingia ndani kama kawaida. Akainuka amfuate. Akajikwaa kwenye jiwe la kusagia lililokuwa pembeni ya mlango, akaangukia ndani na kuvunjika nyonga.

Mama Safari, ambaye shamba lake linapakana na letu, alinisimulia tukiwa hospitalini. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilipita asubuhi, nikapita na jioni," alisema. "Sikupiga hodi. Wiki tatu namsalimia, haitikii. Nikasema basi, hataki watu. Kesho yake nikasikia ng'ombe wake analia, hajakamuliwa. Ndipo nikaingia. Unisamehe, mwanangu."

Anayeomba msamaha ni yeye!

Mama alilala chini mchana kutwa na usiku kucha, na baridi ya kule ni kali. Kifua kikamshika. Nilipofika kitandani kwake nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia jambo moja ambalo alilirudia mpaka mwisho. "Waambie majirani sikuwasikia. Sikuwakataa."

Alifariki siku ya tisa. Niliwaambia majirani mbele ya jeneza, wote, na nikawaambia miwani ilitoka kwa nani na kwa nini. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa mkono mmoja mmoja na kwenda kwao.

Baada ya mazishi niliivaa ile miwani mwenyewe. Siku zote nilikuwa nimemtazama baba tu, sikuwahi kugeuka. Safari hii niligeuka nyuma. Mama alikuwapo, amesimama kwenye mlango wa jiko, kikombe mkononi. "Mwanangu, njoo unywe chai, inapoa." Nikasikia sauti yangu ikijibu, "Nakuja, mama." Sikwenda. Nakumbuka vizuri kwamba sikwenda, nilikuwa nahangaika na kamera.

Nimeivaa mara nyingi tangu hapo. Namwamkia, na yeye ananiita nikanywe chai. Chumba changu cha kupanga kinakuwa kimya sana nikiivua.

Wajuzi wanasema siku zinakuja ambapo waliomo ndani ya miwani wataweza kukujibu, tena kwa sauti zao wenyewe. Pengine mama angefurahi. Lakini wewe ambaye mama yako yupo hai, usimpelekee kitu kikae naye kwa niaba yako. Panda hilo gari, tembea kwenye hayo matope, piga hodi. Sema shikamoo, kisha usimame hapo mpaka uisikie marahaba yake.