Kimbunga Chenye Faili Safi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mvua, ingawa mvua hakuwahi kuileta. Kazi yake ilikuwa kuitangaza tu. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kile kile chenye mguu uliofungwa waya, ghorofa ya pili ya ofisi ya hali ya hewa, akisoma taarifa redioni kila asubuhi. Watoto waliomwigiza sauti sasa wana watoto wao.

Siku moja aliletewa karatasi ya majina ya vimbunga vya msimu, aisome saa nne. Majina hayo ni ya watu, kwa mpangilio wa herufi, katika orodha sita. Kila mwaka orodha moja. Mwaka wa saba ya kwanza inarudi, kama zamu ya kuosha vyombo. Jina hufutwa pale tu kimbunga kinapoleta msiba mkubwa mpaka kulitamka tena kukawa kukosa adabu, na nchi iliyoumia ikaomba lifutwe.

Kidole chake kikatua kwenye jina la tano. Mate yakamjaa mdomoni, yale ya mtu anayekaribia kutapika.

Lilikuwa jina tamu la kike, la kumpa mtoto mcheshi. Miaka sita nyuma kimbunga cha jina hilo kilimfukia mdogo wake kwenye tope, yeye na majirani kumi, na shemeji yake, mume wa marehemu, fundi viatu, akachimba siku mbili kwa karai.

Alimkuta mkuu wa ofisi akimenya yai, maganda akiyaangushia juu ya mafaili.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, Mama Mvua. Karibu yai."

"Asante, nimeshiba. Hili jina la tano halikufutwa?"

"Lifutwe kwa kosa gani? Faili lake safi. Waliokufa, sifuri."

"Sifuri? Mkuu, mimi nilizika!"

"Pole sana. Lakini wale waliuawa na maji, mama. Upepo haukumgusa mtu. Upepo una fomu yake, mafuriko yana yake." Akakung'uta maganda, akamgeuzia faili. "Halafu mwandiko ni wako."

Kweli ulikuwa wake. Ndivyo ofisi ilivyomfundisha tangu siku ya kwanza: upepo huku, maji kule, usichanganye. Wiki ile ya matanga, macho yamevimba, aliandika kumi na moja kwenye fomu ya mafuriko, na kwenye ya kimbunga akachora sifuri safi, mviringo kama yai lile. Kinyaa alichokuja nacho kwa ajili ya mkuu kikamgeukia mwenyewe. Alitamani kuukata mkono.

"Basi tusahihishe. Mkutano wa majina ni wiki ijayo, saini yako tu."

"Nikayaambie mataifa kwamba ofisi yangu haijui kuhesabu maiti? Wenzetu majina yao yameua mamia. Kumi na moja, mama, ni ajali ya basi."

"Angekuwa mkeo ndani ya tope, ungemwandika fomu ipi?"

Mkuu alitafuna. Kiini kilikuwa kimemganda kwenye sharubu. "Saa nne inakaribia," akasema.

Mama Mvua akaenda kusoma. Jina la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kwa sauti ile ile ya miaka yote. Kisha akasema: "La tano silisomi. Kimbunga hicho kiliua watu kumi na moja mtaa wa bondeni. Faili letu linasema hakikuua mtu. Uongo huo niliuandika mimi." Akavuta pumzi, akaendelea na la sita.

Alipomaliza, simu za ofisi zilikuwa zinalia zote. Mkuu aliingia akihema.

"Umetuvua nguo!"

"Nimeanza kujivua mwenyewe. Fomu hii hapa, nimeshasahihisha. Waambie waandishi wa habari unasaini au husaini."

Akasaini, akiacha doa la kiini pembeni ya jina lake. Kisha akamwandikia Mama Mvua barua ya kusimamishwa kazi, nayo akaisaini haraka zaidi.

Jioni alipita kwa shemeji yake. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, kiatu cha mtu gotini.

"Nimekusikia, shemeji," alisema kwa pembe ya mdomo. "Watalifuta?"

"Huenda. Fomu imekwenda, na yai lake."

"Halafu?"

"Watatafuta jingine la herufi ile ile. Tamu vilevile."

Fundi akaitema misumari kiganjani, akaitazama.

"Na wewe hutakuwepo kulisoma."

"Kulisoma? Mungu apishe mbali," alisema Mama Mvua, akavuta kigoda, akaomba maji ya kusukutua mdomo.