Majani Niliyoyaacha Mtaroni

Ilianza jana Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeichomeka simu ya bibi kwenye chaji dirishani, nikawa naichungulia kila mara huku nachambua mlenda barazani. Lori likaingia kinyumenyume katika mtaa wetu hapa Ipagala, Dodoma, likasimama mlangoni kwa jirani. Wabebaji wakashuka, wakaanza kupakia: kitanda, friji, makochi yaliyofunikwa mashuka.

"Nani anahama?" bibi akauliza kutoka ndani.

"Jirani, bibi. Amestaafu, anarudi kwao Songea. Wanaondoka kesho saa moja asubuhi."

Bibi akaja dirishani. Akavuta pazia, akatazama kidogo, akaliachia. Kisha nikaisikia fimbo yake ikigonga sakafu kuelekea chumbani.

Nimeshakuandikia mengi humu, rafiki yangu unayenisoma, hata yale ya aibu. Hili sijawahi. Mimi ni mtu wa kutazama chini nikiongea na watu, na wanaonifanya ninyanyue uso wanahesabika. Jirani alikuwa mmoja wao. Hebu nikurudishe nyuma miaka mitano, nilipokuwa darasa la sita, kabla sijaharibu.

Bibi alikuwa na pikapu. Usishangae. Alikuwa nesi mstaafu, na wenzake walipokuwa wananunua cherehani yeye alikwenda kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyochoka, akarudi anaendesha. Nadhani ilizaliwa nyeupe. Mimi niliikuta rangi ya udongo. Ndani ya boneti palikuwa na kibati kidogo kinachosema imetengenezwa Japani, na bibi alikuwa anakifuta kwa kitambaa kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Lakini bodi ya nyuma ilichomelewa na mafundi wa Majengo hapa mjini, rejeta ilitoka kwenye gari jingine kabisa, na viti alivishona mwenyewe kwa turubai.

Kila asubuhi kabla ya chai tulifungua boneti. Mimi nashika dumu la maji, yeye anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwenye kipande cha kanga, anakisoma kwa jicho moja kama anasoma kipimajoto cha mgonjwa. "Gari ni kama ng'ombe," alikuwa anasema. "Usipomwangalia asubuhi, jioni utamwangalia akiwa amelala."

Msimu wa zabibu ndio ulikuwa msimu wetu. Tulikwenda shambani Hombolo alfajiri, baridi ya Dodoma ikiingia kwenye mlango usiofunga vizuri, hotipoti ya ugali wa uwele ikinipasha moto magoti. Tukirudi, makreti yamejaa nyuma, nyuki wanatufuata, juisi inadondoka barabarani tone kwa tone. Vidole vyangu vilikuwa vya zambarau mwezi mzima. Harufu ile ya zabibu zilizopondeka ikichanganyika na petroli, sijui nikuelezeje. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta hutamani kula zabibu.

Jirani alikuwa dereva wa ofisi ya serikali. Alihamia hapa kutoka Dar ofisi zilipohamia, na sifa yake kubwa aliisema mwenyewe bila kuulizwa: miaka ishirini na miwili kwenye usukani, hajawahi kukwaruza gari la mtu. Lake mwenyewe lilikuwa dogo, jeusi, lililotumika Japani kabla ya kuja huku, na kila akiliwasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani ambayo hakuna fundi aliyeweza kuyazima. Jioni alisimama upande wake wa ua wa minyaa, bibi upande wetu, na hapo ndipo starehe yangu ilipoanza. Nilijifanya nafagia.

"Mama, hiyo pikapu bado unaiita ya Japani? Bodi ya Majengo, viti umeshona mwenyewe. Kilichobaki cha Japani ni honi tu."

"Na honi yenyewe hailii. Lakini yangu imenyamaza kwa heshima. Hilo lako kila asubuhi linakusema, nawe unatikisa kichwa. Unajua linakwambia nini?"

"Linasema karibu."

"Linasema shuka!"

Walicheka mpaka bibi anashika mbavu. Mimi nilicheka nikiwa nimeupa ua mgongo, ili wasinione.

Sasa sikiliza. Pikapu ile ilikuwa inachemsha. Ikipanda kilima na mzigo, mara mvuke, tunasimama. Na gari likifia barabarani, unajua desturi: unakata matawi yenye majani, unayalaza barabarani ili anayekuja ajue mbele kuna chombo kimesimama. Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka saba. "Hatua arobaini nyuma, ishirini mbele," bibi alinifundisha, "na uhesabu kwa sauti nikusikie." Tulikuwa na kile kibao chekundu cha pembetatu, kikaibwa tukiwa bado tunakisifia. "Majani hayana mwizi," akasema bibi, na hakununua kingine.

Mwaka huo shangazi alinihamishia shule ya kulipia, wanafunzi wanashushwa na magari yanayong'aa. Sikumwambia hata mmoja kwamba bibi yangu anaendesha pikapu inayofuatwa na nyuki. Siku ya ziara ya darasa iliangukia Jumamosi ya kuvuna. Bibi alinihitaji, nami nikamwambia mwalimu naumwa malaria. Kusema "nakwenda kuvuna na bibi" kulinishinda.

Jioni tukiwa tunarudi, tumeshaingia barabara kubwa ya Morogoro, jua linatupiga usoni, pikapu ikachemka. Bibi akaegesha, nusu kwenye lami, nusu kwenye changarawe. Akafungua boneti. "Haya mjukuu, majani."

Nikakata matawi ya mwarobaini, mzigo wa kunijaa mikono, nikaanza kwenda nyuma. Moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na kitu, nikaliona basi la shule yetu, la njano, linakuja. Walikuwa wanarudi kutoka ziarani.

Sikufikiri, nakuapia. Niliyatupa matawi mtaroni, nikaingia ndani ya kalavati, nikajikunja. Nikawasikia wanaimba. Basi likapiga honi, likaikwepa pikapu ghafla, likapita na wimbo wake. Nilikuwa bado nimejikunja, nashukuru Mungu hawakuniona, niliposikia breki na kishindo.

Gari lililokuwa nyuma ya basi, dereva wake akiwa amezibwa kwanza na basi, kisha na jua basi lilipokwepa, liliigonga pikapu kwa nyuma. Pikapu ikasogea mbele, na mbele alikuwepo bibi, ameinamia injini.

Nilipotoka, bibi alikuwa chini, mguu umekaa vibaya, zabibu zimemwagika lami nzima. Na aliyepiga magoti pembeni yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili, alikuwa jirani yetu. "Mama, sikuona. Mama, wallahi sikuona kitu."

Traffic alipofika, jirani akamwambia wazi, "Afande, hapakuwa na jani hata moja barabarani."

Bibi, pale chini, kwa maumivu yale, akasema, "Mjukuu wangu ameweka. Nimemwona anakwenda nayo."

Traffic akanigeukia. "Binti, uliweka majani?"

"Niliweka."

"Umbali gani?"

"Hatua arobaini."

Nilisema vizuri kabisa, kama mtoto anayejibu swali la darasani. Traffic akatembea nyuma, akatazama mtaroni, akayaona matawi yangu. "Haya hapa," akamwambia jirani. "Umeyapitia, yakarukia huku. Mzee, ulikuwa unaangalia wapi?"

Jirani akanitazama. Mimi nikatazama chini, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kuona haya.

Hospitalini ndugu zangu wote walimlaani dereva. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Bibi akatoka na fimbo, na hajaendesha tena. Jirani alikuja wodini na machungwa, akasimama miguuni pa kitanda. "Mama, nisamehe kwa kukugonga. Lakini majani hayakuwepo." Bibi akamjibu taratibu, na ndiyo maana iliuma: "Kugonga ni bahati mbaya, baba, nilishakusamehe. Ila kumsingizia mtoto ili ulinde sifa yako, hilo hapana." Akageukia ukutani.

Ripoti ya traffic ilipofika ofisini kwake, wakamtoa kwenye usukani, wakamweka stoo ya spea kutoa plagi na feni belti mpaka astaafu. Mtu aliyezoea kwenda Mwanza na kurudi. Gari lake jeusi lilitengenezwa, lakini jioni hakusimama tena uani. Minyaa ikarefuka pande zote mbili, hakuna aliyeikata. Nikimkuta njiani nasema "Shikamoo mzee," naye anaitika "Marahaba," na anapita. Hajawahi kunitolea neno baya. Miaka mitano nilikuwa natamani anitukane.

Nawe utaniuliza, kwa nini hukusema? Mwanzoni niliogopa. Halafu bibi akawa ananisifia kwa wageni: "Huyu, hatua arobaini, kama mwanajeshi." Kila siku uongo ukawa mzito zaidi kuunyanyua. Nikajiambia nitasema nikifika kidato cha kwanza. Nikafika. Sasa niko cha nne.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilipita kwenye geti la jirani. Alikuwa anafunga turubai la lori kwa kamba mwenyewe, hakuwaamini wabebaji.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kusema... siku ile, majani..."

"Marahaba." Akakaza fundo. "Binti, mimi nilikuwa kwenye usukani. Nilichokiona nakijua. Nenda kamwambie aliyekuwa ameinamia injini."

Nikarudi. Bibi alikuwa anavaa kanga ya kanisani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: malaria, basi la shule, kalavati, mtaro. Nilimtazama usoni mpaka mwisho, nikaona jinsi uso wake ulivyokuwa ukibadilika, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

"Hukuhesabu?" akauliza.

"Nilianza. Sikufika popote, bibi."

Akachukua fimbo yake. Nje, lori likawashwa. "Viatu vyangu," akasema.

Bibi na fimbo yake, kutoka chumbani mpaka barabarani, si safari ya dakika moja. Tulikuwa bado barazani lori lilipoanza kuondoka. Nikamwachia mkono, nikakimbia, nikalipita, nikageuka na kusimama katikati ya njia, mikono juu.

Breki zikalia. "Wewe binti, umechoka kuishi?" dereva akafoka. Wabebaji juu ya mzigo wakapiga miluzi: "Anataka lifti huyo! Mpandisheni!" Watu waliokuwa wanakwenda misa ya kwanza wakasimama kuangalia, wanafunzi wawili wa darasani kwetu wakiwemo. Sikushusha mikono mpaka bibi alipofika.

Jirani akateremka. Sikusikia waliyosema, nilibaki mbele ya lori, injini inanguruma. Nilimwona bibi akimshika mikono yote miwili, na jirani akitikisa kichwa, akijifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu dereva akasema njia ni ndefu, jua linapanda. Jirani akapanda. Aliponipita alinyoosha mkono dirishani, sijui alikuwa ananiaga au ananisamehe, na lori likakata kona.

Bibi hakwenda kanisani. Hakunigombeza pia. Alikaa barazani akiutazama ua wa minyaa muda mrefu, mpaka chai ikapoa.

"Miaka mitano," akasema mwishowe. "Tungekuwa tumecheka sana."

 Nikaenda stoo, nikachukua panga, nikaanza kuukata ule ua, ingawa upande wa pili hapakuwa na mtu tena.