Ubao Uliopotea Kanisani

Jumapili hii Baba kanirudisha tena kule porini nyuma ya Msata, kwenye kanisa lake la matofali lisilo na waumini. Jamani, nimechoka. Ila nilipoingia tu na harufu ya mavi ya mbuzi ikanipiga, nikajikuta nina miaka kumi.

Baba ni mwinjilisti. Enzi hizo kila Jumamosi tulipanda basi kwenda kuwahubiria wafugaji waliopiga boma kule, watu ambao mjini wanakwepwa njiani kama wagonjwa. Jirani yetu kule nyumbani Dunda, muuza mihogo, akituona tunarudi na vumbi letu, anauliza, "Mwinjilisti, leo wameokoka mbuzi wangapi?" Baba anacheka. Mimi natamani ardhi ipasuke.

Nilibeba maji, nikakanyaga udongo, nikapanga matofali. Bibi wa boma alitumiminia maziwa ya mgando yanayonukia moshi, akamwambia Baba waziwazi: "Mwanangu, nyasi zikiisha tunaondoka. Wewe wafundishe watoto kusoma." Baba akajibu, "Amina, Bibi," halafu akaenda kuagiza bati. Ndivyo alivyo, nakwambia. Ukimwomba maji, anakuletea mwavuli.

Kusoma nikafundisha mimi, kwenye ubao mdogo wa ukutani kanisani, ambao Baba aliuandikia mistari ya Biblia. Shuleni sikunyoosha kidole hata nikijua jibu. Lakini kule, mjukuu wa yule bibi, msichana wa rika langu, alinidaka mkono njiani: "Mwalimu, umechelewa!" Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Tulikuwa tumefika "nya, nye, nyi" siku nilipokuta boma limebomolewa na punda wamefungwa mizigo. Baba alikuwa juu ya paa, anagongelea bati la mwisho. Rafiki yangu aliutazama ubao. Hakuomba. Nikauchomoa ukutani, nikamsaidia kuufunga juu ya punda.

Jioni Baba akaukosa. "Wameiba!" Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka mitano, naye kila akipata wasikilizaji anasimulia: unawapelekea injili, wanakuibia ubao. Jumapili hii aliwasimulia wageni wa kanisa kutoka Dar, mle mle ndani. Mama mmoja akaguna, "Ndivyo walivyo hao. Wezi."

Rafiki yangu, mwizi! Mkono ukapanda wenyewe, kidole juu, kama darasani.

"Baba, ubao niliwapa mimi."

Baba aliutazama ukuta. Msumari bado upo. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Baba. Ulisema tu wameiba."

Maziwa yale sijayaonja tena, wala sijui rafiki yangu amefikia silabi gani, au kama kuna mtoto anayemwita yeye mwalimu. Baba alitoka nje. Wageni wakaanza kuyasifia mabenchi. Yapo yote kumi na mawili, yana vumbi la kidole kizima. Hakuna aliyehama nayo.